Kaburi Lililokatiza Safu

Sura ya Tisa

Mpe Zahra Kombo mtu aliyejificha Walthamstow, hapa London, atakuletea kabla chai haijapoa. Miaka ishirini alifanya kazi kaunsili, idara ya nyumba, akiwasaka wapangaji waliohama bila kuaga. Alipoacha, akafungua ofisi yake mwenyewe juu ya duka la vitambaa, mkabala na soko: meza moja, viti viwili, birika. Lakini Mzee Hamad Shaame alikuwa amemshinda wiki saba nzima, na jambo hilo lilimkera mpaka akakosa usingizi.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, kwa Bi Mardhiya, mke wa huyo Hamad. Lifti mbovu, kama kawaida. Bibi alikuwa ameshazipanga kadi nne za posta juu ya meza.

"Hebu zitazame tena, mwanangu."

"Bibi, nimezitazama mpaka zimeanza kunitazama mie."

"Zitazame."

Zahra akazitazama. Kila mwezi wa Aprili, mwezi aliofariki mtoto wao Riyadh mwaka ule wa korona, ilikuwa inakuja kadi moja. Maneno hayamo. Ni anwani tu, kwa mwandiko wa Hamad, ile saba yake yenye kijiti katikati. Upande wa pili picha: majabali, bahari, na majani mabichi mpaka ukingoni. Zote nne zimetoka Cornwall, ule mkia wa Uingereza unaochomoza magharibi. Miaka minne, kadi nne. Mwaka huu Aprili ilikuja ikapita, na sasa ni Oktoba, hakuna kitu.

"Mtu anayeleta kila mwaka, akaacha ghafla, kimemfika kitu," alisema Bi Mardhiya. "Nguo za eda nimezikunja mle sandukuni. Nimekwenda kwa shekhe, kanambia hakuna eda ya kukisia, lete uhakika. Basi mie si mjane, wala si mke. Nikialikwa shughuli sijui nikae na nani. Nenda huko. Ukishajua, nipigie. Sema 'ingia' au sema 'usiingie'. Sitaki hadithi."

"Na kama yu hai, lakini hataki kurudi?"

"Nimeshasema, Zahra. Neno moja."

Alimfungia maandazi kwenye kopo, akamtilia chai ya tangawizi kwenye chupa. Mlangoni Zahra akajaribu mara ya mwisho lile swali ambalo mtaa mzima ulikuwa unalikwepa. Hamad ndiye aliyekuwa mwosha maiti wao. Mpemba gani, Muunguja gani wa London mashariki aliyefariki asipite mikononi mwake? Mwaka wa korona aliosha mpaka ngozi ya vidole ikambambuka. Kisha ikaja zamu ya mwanawe mwenyewe, na miezi mitano baadaye Hamad akatoka na kibegi kidogo, hakuonekana tena.

"Siku ya Riyadh palitokea nini, bibi?"

Bi Mardhiya akaufunga mlango taratibu.

Haya bwana. Treni kutoka Paddington, Zahra peke yake kwenye viti viwili, kopo la maandazi mapajani. Siku ya kwanza Bude, picha ya kadi ya kwanza. Siku ya pili Padstow, ya pili. Siku ya tatu St Ives, ya tatu. Mabasi ya huko, jamani, yanakuja kwa mwezi kuandama. Ukikosa moja unakaa kwenye kibanda cha mawe na mvua ya ubavuni mpaka ukome. Kote kijani: vilima kijani, kuta za mawe zimeota majani, mashamba yanateremka mpaka yanapokatikia kwenye majabali, na chini bahari inapiga kelele. Njia panda palisimama misalaba ya mawe yenye duara kichwani, ya kale kweli kweli, na mabango ya barabarani yaliandikwa lugha mbili. Mzee mmoja ndani ya basi alimweleza bila kuulizwa kwamba ile lugha ya pili ni yao wenyewe, na kwamba wao si Waingereza hata kidogo, Waingereza waliwakuta. Zahra akacheka moyoni. Alikuwa amewasikia Wapemba wakisema hivyo hivyo juu ya Waunguja.

Hapo pia alielewa kwa nini Hamad alikuja huku. Milima na mabonde, mvua, kijani kila ukigeuka. Ukiitoa baridi, ilikuwa Pemba, kwao Hamad.

Lakini Bude hawakumjua. Padstow mwenye mkahawa alikumbuka mwosha vyombo mweusi, mpole, aliyeondoka zamani. St Ives walikumbuka mfagiaji wa hoteli. Kila mahali mwaka mmoja, kisha mbele zaidi, magharibi zaidi, mpaka nchi karibu inakwisha. Usiku wa tatu Zahra alikula chipsi na yai kwa mara ya tatu, kwenye chumba chenye kitanda kimoja na kikombe kimoja, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza amefika wapi. Maandazi yalikuwa yamekwisha.

Siku ya nne, saa sita mchana, basi likamshusha Porthlowen, picha ya kadi ya nne. Alishuka yeye tu.

Zahra ana mwendo wake. Akifika mji mgeni, duka kwanza, makaburi pili, polisi mwisho. Duka la Porthlowen lilikuwa moja, na mwenyewe ni mama wa miaka sitini hivi, Morwenna, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Zahra akaweka picha juu ya kaunta: Hamad na kofia yake, ndevu zimechongwa vizuri.

"Namtafuta mzee huyu. Jamaa zake wana wasiwasi."

"Sijamwona," alisema Morwenna.

"Tazama vizuri."

"Nimeshasema sijamwona, mpenzi. Unataka chai?"

Chai ikaja, Zahra akanywa, akatoka. Nje akasimama kidogo. Yule mama hakuivaa miwani. Mtu asiyemjua mtu huvaa miwani amtazame kwanza, kisha ndipo akatae. Akaliweka akilini, akapanda kilima.

Makaburi ya kijiji yalikuwa juu, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Safu zote zimelala namna moja, vichwa magharibi, miguu mashariki, kama walivyozoea wenyewe. Zahra akapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho kabisa, pembeni, akaona kaburi limekatiza. Wenzake wote wamelala huku, lenyewe limelala kule. Halikuwa na jiwe, ila kibao: *Mwanamume asiyejulikana. Ametoka baharini, Novemba.*

Novemba iliyopita. Kadi ya mwisho ilikuja Aprili ya kabla yake.

Akatoa simu, akafungua dira ya kibla, akasimama kichwani pa kaburi. Mshale ukazunguka, ukatulia. Akapima kwa jicho, akarudia mara ya pili. Aliyelala mle, akilazwa ubavu wa kulia, uso wake unaangalia Makka barabara.

"Innalillahi," alisema kwa sauti. "Mzee Hamad."

Na hapo ndipo Zahra Kombo, pamoja na ujanja wake wote, alipofanya kosa ambalo asingelifanya askari yeyote wa Kiingereza. Askari angeona kaburi limechimbwa ovyo, akaenda zake. Yeye aliona kibla, na kwake kibla kilikuwa sawa na kitambulisho. Mwislamu gani mwingine angekuja kufia huku mwisho wa dunia? Akachutama, akasoma Fatiha, akalia. Alilia kweli, kwa kuwa wiki saba alikuwa amemzoea mtu huyu asiyemjua. Kisha akafuta uso na kumpigia Bi Mardhiya amwambie neno lake moja. Ingia.

Mtandao haukuwapo.

Akainua simu juu, hakuna. Akapanda kwenye jiwe, hakuna. Akarudi kinyumenyume pembeni mwa kaburi, jicho kwenye simu, mguu ukakwama akaanguka kifudifudi kwenye majani mabichi.

"Loh! Nini tena hiki?"

Kigingi cha mti, kimepigwa ardhini. Hatua chache mbele, kigingi cha pili, na kati yao uzi umekazwa. Zahra akakaa palepale chini, koti limeloa, akiangalia ule uzi. Ulikuwa umekwenda sambamba na lile kaburi. Ulikatiza safu vilevile.

"Umeumia, mama?"

Mwanamume mnene alikuwa amesimama nyuma yake na toroli na sepeto. Akajitaja kuwa Jory, mchimbaji wa makaburi, akampa mkono akamwinua. Waliongea Kiingereza, na Jory aliongea polepole kama mtu asiyepata wa kuongea naye.

"Hapa kalala nani?" Zahra akauliza.

"Hatujui. Bahari ilimleta. Polisi waliuliza meli zote, wakashindwa. Kijana, pengine miaka thelathini."

"Thelathini? Si mzee?"

"Mzee? Hata. Nilimbeba mimi."

Zahra akashusha pumzi. Hamad alikuwa na sabini na moja.

"Nani alikwambia uchimbe kwa kukatiza?"

"Harry."

"Harry nani?"

"Harry wa pale kwa wazishi, chini karibu na gati. Alimkuta huyu kijana na hirizi ya ngozi mkononi, akatujia mbio. Akasema huyu ni wa kwao, ana namna yake ya kuoshwa na kulazwa. Akakaa naye peke yake chumba cha nyuma kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Alipotoka, macho yalikuwa yamevimba."

"Na vigingi hivi?"

Jory akavua kofia akajikuna kichwa.

"Vyake. Alinunua hiyo sehemu. Akaja na kamba, akapima mwenyewe. Kanifundisha uso uelekee wapi, kaniandikia na karatasi. Nilidhani ananieleza ya yule kijana. Sasa yule ameshazikwa, na yeye kila mwezi ananiuliza, Jory, unakumbuka? Nami nakumbuka. Lakini kuna maneno ya kusema, siyajui, na nimeona haya kumwambia."

Zahra akajipiga kofi la paji la uso. Mjinga we! Maiti hajigeuzi mwenyewe kuelekea kibla. Lazima awepo aliye hai wa kumgeuza. Na yule mama wa dukani, je? Nani anamfichia maiti siri? Watu humficha mtu anayepumua, anayekuja dukani kila siku kununua maziwa.

"Harry alikwambia jina lake ni Harry?"

"Hapana. Sisi ndio tulishindwa na lile lake."

Akateremka kilima mbio, viatu vimejaa maji. Duka la wazishi lilikuwa na milango mieusi na uwanja mdogo nyuma. Uwanjani mzee mwembamba, amenyoa ndevu, kofia ya sufu imemfunika masikio, alikuwa anaosha gari la maiti kwa mpira wa maji. Zahra hakutoa picha. Hakuuliza jina. Alisimama kwenye lango akasema kwa sauti ya nyumbani:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu yule mzee, bila kugeuka, kama mtu aliyesalimiwa mlangoni pa msikiti.

Kisha mabega yakaganda. Maji yakaendelea kumwagika juu ya viatu vyake.

"Nani kakuleta?"

"Kadi zako. Naitwa Zahra, binti Kombo. Nimetumwa na Bi Mardhiya."

"Mardhiya yu mzima?"

"Mzima. Mwaka huu hukumletea kadi, anadhani umekufa."

Hamad akageuka sasa. Akamtazama Zahra muda mrefu, akatazama kilima.

"Umefika juu?"

"Nimetoka huko. Nimekusomea Fatiha, tena nikalia. Nakudai machozi yangu."

Hakucheka. Alikuja karibu, akasema chini chini, haraka haraka:

"Basi mwambie hivyo hivyo. Mwambie nimekufa. Kaburi lipo, limeelekea kibla, lipige picha umpelekee. Akae eda yake, amalize, apumzike. Itakuwa heri kwake."

"Mtoto wa watu nimpe jina lako? Na mama yake naye anamtafuta mahali?"

Hamad akaenda akafunga bomba la maji.

"Kwa nini hukutuma kadi?"

"Niliandika."

"Iko wapi?"

"Kadi zote nilituma tupu kwa kuwa sina la kumwambia. Mwaka huu nilikuwa nalo. Nikaandika, kisha nikaogopa." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kadi iliyochakaa pembe, akampa. Zahra akasoma. *Mardhiya. Nimemwosha mmoja. Si wetu, lakini nimemwosha kama wetu.*

"Siku ya Riyadh palitokea nini?" Zahra akauliza.

"Hawajakwambia?"

"Hakuna anayesema."

"Wananistahi." Akafunga macho. "Niliosha watu wangapi mwaka ule? Sijui. Nikavaa maglavu, nikavaa lile joho la plastiki, nikafika mlangoni, mwanangu yuko pale juu ya meza. Nikaogopa. Si ugonjwa nilioogopa. Nilimwogopa yeye. Nikavua nikatoka. Wakamwosha vijana wawili waliojifunza wiki ileile. Jioni Mardhiya akaniambia, umewaosha watoto wa watu wote, wako umemwacha. Hakurudia tena. Mara ile moja tu. Lakini kila nikila pale mezani nilikuwa nalisikia."

Zahra akamrudishia kadi yake. Kazi yake ni kutafuta watu, hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini akishawapata.

"Kuna simu ya waya humu ndani?"

"Ya ofisi ipo. Unataka kufanya nini?"

"Nimeahidi neno moja. Njoo usikie ninavyolisema, usije ukasema nimekusingizia."

Ndani palinuka sabuni na mbao mpya. Mwenye duka alikuwa ametoka. Zahra akazungusha namba ya Walthamstow, na simu ikaitika kabla mlio wa pili haujaisha.

"Niingie?" sauti ya Bi Mardhiya ilisema, bila salamu.

"Usiingie, bibi."

Zahra akasikia kitu kama kiti kinavutwa, na mtu anakaa.

"Yuko hapo?"

"Yuko hapa. Kuna kaburi, bibi, lakini si lake. Aliyemo humo kaoshwa na yeye, na mikono yake miwili. Alikuandikia, akashindwa kuituma."

"Mpe."

Hamad alirudi nyuma hatua moja. Zahra akamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akamwekea simu. Ilikuwa simu kongwe yenye sauti kubwa, kila neno likasikika chumba kizima.

"Hamad."

"Naam."

"Huyo uliyemwosha. Nani alikumiminia maji?"

"Sikuwa na mtu. Nilimimina mwenyewe."

"Peke yako."

"Peke yangu."

"Na weye ukifa huko, nani atakuosha?"

Hamad akaihamishia simu sikio la pili.

"Nakuuliza, Hamad. Nani?"

"Kuna mtu hapa, Jory, nimemwelekeza..."

"Jory!" Ilitoka kama kicheko, ikaishia kilio. "Jory atakusomea nini? Nilisema neno baya siku ile. Nimelila mie mwenyewe miaka mitano, kila siku, na sahani yako nimekuwekea mezani. Lakini mie ni mkeo. Hujaniacha, wala sijakuacha. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, na weye unalijua hilo, ndiwe uliyetufundisha. Mtoto hatukupata kumwosha. Usininyime na weye."

Zahra akageukia dirishani, akaitazama bahari, kwa sababu lile swali lilikuwa limempata na yeye. Fleti yake ina ufunguo mmoja tu, nao uko mfukoni mwake.

Aliposikia simu inarudishwa mahali pake, aligeuka. Hamad alikuwa amevua kofia ya sufu ameishika mikono miwili.

"Basi la kwenda Penzance linapita saa ngapi?" aliuliza Hamad.

"Saa tisa na robo. Kuna treni ya jioni."

"Nina saa moja, basi. Nisubiri kituoni."

Hakumsubiri kituoni. Mpelelezi gani anamwacha mtu wake apotee mara ya pili? Alimfuata kwa mbali mpaka juu ya kilima, akasimama nyuma ya ukuta wa mawe. Jory alikuwepo bado na toroli lake. Hamad akamwambia kitu, Jory akaitikia kwa kichwa, akavua kofia, akampisha.

Hamad akachutama. Akang'oa kigingi cha kwanza, akaukunja uzi polepole mpaka wa pili, akaking'oa nacho. Kwa kiganja akazisawazisha zile tundu mbili mpaka majani yakafunga. Kisha akasogea kwenye lile kaburi lililokatiza safu, akaweka mkono juu ya udongo, pale ambapo yeye peke yake alijua uso ulipo.

"Uniwie radhi, ndugu yangu," alisema. "Naitwa nyumbani."